Mfahamu bundi mkubwa kuliko wote Afrika, mwenye kope za pinki

Kata ya Baray, wilayani Karatu, inajulikana kwa vitunguu. Lakini nyanda zenye migunga kama zile za Bonde la Ziwa Eyasi, ilipo kata hiyo, ndizo pia anazozipenda bundi wa Verreaux, bundi mkubwa kuliko wote barani Afrika.

Anafananaje?
Ana urefu wa sentimita 60 hivi, na jike, ambaye ni mkubwa kuliko dume, anaweza kufikisha kilo 3. Mwili ni wa kijivu, uso mweupe uliozungukwa na mstari mweusi, na kichwani ana vishungi viwili kama masikio. Ukitaka kumtambua haraka, mwangalie akifumba macho: kope zake ni za pinki.

Anaishi wapi?
Hapendi msitu mnene. Anataka miti mikubwa iliyoachana, hasa kandokando ya mito. Mchana analala kwenye tawi lenye kivuli, giza likiingia anatoka kuwinda. Sauti yake ni mkoromo mzito unaosikika mbali.

Anakula nini?
Sungura, kanga, nguchiro, popo, hata bundi wenzake wadogo. Kalunguyeye naye haponi: bundi huyu humchuna ngozi yenye miiba kwanza, ndipo amle. Kuku wakilala nje, nao anaweza kuwachukua.

Kwa nini asiuawe?
Wengi wakimsikia bundi juu ya paa wanasema kuna msiba unakuja, wanaanza kumrushia mawe. Kumbe hasara yake ni kubwa. Bundi huyu hajengi kiota, anatumia vilivyojengwa na ndege wengine wakubwa. Hutaga mayai mawili, ila kwa kawaida kinda mmoja tu ndiye anayepona. Huyo huondoka kiotani akiwa na miezi miwili hivi, lakini huendelea kulishwa na wazazi kwa miezi mingi. Mzazi mmoja akiuawa, kinda naye yuko hatarini.

Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kuua mnyamapori bila kibali ni kosa.

Kama tatizo ni kuku, wafungie bandani kabla ya jua kuzama. Na mgunga mkubwa wenye kiota usiukate, kwa sababu kupata mwingine kama huo huchukua miaka mingi.