Sigara Moja Moja

Kutoka Kimilili hadi mpaka wa Lwakhakha si mbali, lakini ukivuka, utoto unaongezewa miaka 3. Sheria ya Kenya ya 2007 inamruhusu mtu wa miaka 18 kununua sigara. Uganda, mwaka 2015, ikasema 21, na sigara za kielektroniki ikazipiga marufuku kabisa. Sisi huku tulikuwa na Malakisi, ambako BAT ilinunua tumbaku ya wakulima wetu. Karo ilitoka humo, nani angepiga kelele?

Sheria hiyo ya 2007 pia inakataza kuuza sigara moja moja: pakiti isipungue 10. Lakini kibandani bado unapewa moja, unawashiwa hapo hapo. Mwenye kibanda haulizi kitambulisho, anauliza kama una chenji. Mimi 21 naiunga mkono, ila waanze na hiyo moja, maana mwanafunzi hana pesa ya pakiti.