Nyangumi wa Nchi Kavu

Ukikaa Jamhuri, hapa Nairobi, bahari i mbali nawe. Kutoka mjini hadi Mombasa ni karibu kilomita 500. Basi nikikuambia kwamba waweza kujifunza habari za nyangumi pasipo kwenda pwani, huenda ukadhani nakufanyia mzaha. Lakini shika Barabara ya Ngong, upite katikati ya mji, kisha upande hadi Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka wa 1930 kwa jina la Coryndon na kupewa jina jipya baada ya Uhuru. Uani utaiona sanamu ya Ahmed, ndovu mashuhuri wa Marsabit aliyekufa mwaka wa 1974. Wageni wengi husimama hapo wakistaajabu. Mimi nataka nikusimulie habari za mnyama mwingine aliyepitia mikononi mwa watunzaji wa nyumba hii.

Mwaka wa 1964 kijana Mmarekani, James Mead, alikuwa akitafuta mifupa ya kale huko Loperot, katika nchi kame ya Turkana. Humo akapata sehemu ya fuvu lenye mdomo mrefu, lililokwisha kugeuka jiwe. Lilikuwa la nyangumi wa ukoo wenye mdomo mfano wa ndege, mwenye urefu upatao mita 7, aliyekufa miaka milioni 17 iliyopita. Na mahali hapo ni kilomita 740 kutoka baharini!

Je, nyangumi alifikaje huko? Jawabu ni mto. Wataalamu wanaona kwamba aliacha Bahari ya Hindi, akapotea njia, akapanda mto mkubwa hata akafa. Jambo hili si geni: mwaka wa 2006 nyangumi wa ukoo huohuo aliingia mto Thames hadi katikati ya London, naye akafa.

Sasa fikiri nami. Nyangumi hawezi kukwea maporomoko ya maji. Kwa hiyo mto ule ulipita katika nchi tambarare, yenye mteremko mdogo sana. Wataalamu walikadiria kwamba pale alipofia palikuwa na kimo cha mita 24 hadi 37 tu juu ya usawa wa bahari. Leo pana mita 620. Piga hesabu mwenyewe: nchi imeinuka karibu mita 590, ikisukumwa na joto kali lililo chini ya ardhi. Ilipoinuka, mvua ilipungua, misitu ikafifia, na mbuga za majani zikaenea. Na katika mbuga hizo wazee wetu wa kale walizoea kwenda kwa miguu miwili. Hayo yote yalisaidiwa na mfupa mmoja.

Lakini mfupa huo nusura utupotee. Ulipelekwa Marekani, na mwaka wa 1975 Mead akaandika habari zake. Baadaye haukujulikana ulipo. Louis Jacobs, aliyepata kuongoza idara ya visukuku katika Makumbusho yetu, aliutafuta kwa muda wa miaka 30 hivi, hata mwaka wa 2011 akaupata katika Chuo Kikuu cha Harvard. Akaurejesha kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwaka wa 2015 yeye na wenzake wakatangaza hesabu ile niliyokupa.

Angalia, ewe kijana: hesabu hiyo isingewezekana kama Mead hangeandika mahali alipouokota. Mfupa usiojulikana ulikotoka ni jiwe tu. Kwa hiyo siku utakapokwenda Makumbusho, usipite mbio ukitazama vitu vikubwa peke yake. Inama usome kikaratasi kilichowekwa kando ya kila kitu: jina, mahali, mwaka. Kumbuka pia kwamba hazina nyingi za nyumba kama hiyo hazikai nyuma ya kioo. Zimo ghalani, zikingoja mtu wa kuziuliza swali jipya. Wahenga walisema akiba haiozi. Huenda mwenye kuuliza swali hilo akawa wewe.