Mkunjo wa Katikati: Bendi za Tabora na Kurasa Mbili za Jarida

Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, ikifuatisha kwa sehemu kubwa njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji, njia ya wapagazi wa Kinyamwezi. Mji huo wa njia panda baadaye ukavuma kwa muziki wa dansi: Kiko Kids ya Salim Zahoro, Nyanyembe Jazz iliyobeba jina la utemi wa Unyanyembe, na Tabora Jazz ya Shem Karenga na wimbo wake "Dada Asha".

Sauti zao zilisafirishwa na redio na santuri. Santuri ndogo haikumeza wimbo mrefu, hivyo nyimbo nyingi za dansi zilikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa pili. Mpangaji wa kurasa za jarida la muziki naye ana mkato wake, nao ni mkunjo.

Chukua jarida la kurasa 16 lililobanwa kwa pini. Kurasa za 8 na 9 ni karatasi moja, kwa hiyo picha hupita juu ya mkunjo bila kuvunjika. Lakini ukurasa wa 6 umechapwa pamoja na wa 11, na wa 7 pamoja na wa 10. Picha ikitandazwa kwenye 6 na 7, karatasi ikisogea kidogo tu, shingo ya gitaa inakatika vipande viwili. Ndiyo maana picha kubwa ya bendi hupewa kurasa za katikati, mahali ambapo msomaji anaweza kuichomoa na kuibandika ukutani.

Ujerumani, mpangaji wa kurasa Willy Fleckhaus aliligeuza jarida la Twen (1959–1971) kuwa shule ya kazi hii: picha moja kubwa, maneno machache, weusi mwingi. Mtindo huo unamfaa mwimbaji mmoja. Bendi ya dansi ni kitu kingine. Magitaa, saksafoni, tumba na waimbaji husimama kwa mstari, na mstari huo unadai upana wa kurasa mbili. Mkunjo uangukie kati ya mtu na mtu, kamwe usipite usoni. Na mpiga besi aliyesimama pembeni asikatwe ili kichwa cha habari kipate nafasi. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko herufi mbaya, kwa sababu mara nyingi picha hiyo ndiyo kumbukumbu pekee ya sura yake.

Tabora ilikuwa na wachapaji wake, TMP ya wamisionari, kwa hiyo ustadi wa kupanga kurasa si mgeni pale. Kinachokosekana ni majina ya wanamuziki waliomo pichani. Ndugu msomaji wa Tabora, Urambo au Nzega, kama una picha ya bendi sandukuni, chukua penseli laini, uandike nyuma yake majina yote, kuanzia kushoto.