Alama za Vidole: Urithi wa Wazazi na Yaliyotokea Tumboni



Mapacha waliofanana kama shilingi kwa ya pili hutofautiana alama za vidole. Kwa nini, ilhali urithi wao ni mmoja? Jibu lilichukua zaidi ya karne moja, na ndani yake mna funzo kwetu wazazi.

Mwaka 1858, huko Bengal, India, ofisa wa Kiingereza William Herschel alimtaka mkandarasi Rajyadhar Konai agonge kiganja chake juu ya mkataba, asije akaukana. Kwa miaka mingi Herschel akaona kuwa alama za mtu hazibadiliki.

Mwaka 1892 Francis Galton alichapisha kitabu juu ya alama hizo. Alitumaini vidole vitamwonyesha kabila la mtu. Akalinganisha Waingereza, Wayahudi, Waafrika na wengineo, asipate alama ya kuwatenga. Naye akakiri hivyo. Alichoona ni kuwa ndugu wa tumbo moja hukaribiana.

Huko Kalkuta, Muislamu Qazi Azizul Haque alibuni hesabu ya kuzipanga alama katika makundi 1,024, akisaidiana na Hem Chandra Bose. Ofisi ikafunguliwa mwaka 1897. Lakini njia hiyo iliitwa kwa jina la mkubwa wao, Edward Henry, na mwaka 1901 ikaanza kutumika London. Ni mwaka 1926 ndipo Henry alipoandika kukiri mchango mkubwa wa Haque. Haki ilichelewa.

Sasa turudi kwa mapacha. Mistari huanza kujichora mimba ikiwa na wiki kumi hivi, juu ya vinundu laini vya ncha za vidole. Vinundu vikiwa bado vimetuna, huelekea kutokea duara. Vikiwa vimesinyaa, hutokea tao. Hapo urithi una nguvu kubwa. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa jeni zinazohusika zaidi ni zile za kujenga viungo. Lakini mstari utakatika wapi na kugawanyika wapi, hutegemea mambo madogo madogo ya tumboni, kama kasi ya kukua kwa kila kidole. Kufikia wiki ya kumi na saba hivi, kazi imekwisha.

Basi ikiwa mapacha wa tumbo moja kila mmoja ana alama yake, tusimwambie mtoto, "Mbona huwi kama nduguyo?" Kila mmoja tumlee kama alivyoumbwa.