Kokwet na Kapkatet: Historia Fupi ya Utafiti Mdogo wa Elimu na Suala la Kuaminika Kwake

Makala haya yanazungumzia jambo ambalo wahakiki wa fasihi hawana mazoea ya kulijadili, nalo ni haki ya utafiti mdogo wa elimu kuaminiwa. Kwa utafiti mdogo tunakusudia ule unaofanywa na mtu mmoja au wawili, katika shule moja au chache, kwa fedha haba. Ndio utafiti wanaoufanya wengi wa wanafunzi wetu wa uzamili. Mwalimu wa Kapkatet anayejisajili kwa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Kabianga hawezi kuzizungukia kaunti zote 47. Ataandika juu ya shule nne za Bureti, na siku ya kuitetea tasnifu yake ataulizwa swali lile lile: shule nne zinaweza kutuambia nini? Swali ni la haki. Tatizo ni kwamba aghalabu huulizwa kana kwamba jibu lake linajulikana. Sisi tutalitafutia jibu katika historia, kwa kuwa nchi hii ya majani chai imetafitiwa kwa karibu karne moja, na sehemu kubwa ya yanayojulikana kimaandishi kuhusu malezi ya watoto wa Kipsigis imetokana na tafiti ndogo sana.

Wa kwanza si mtafiti kwa maana ya leo. Ian Orchardson alifika Kericho mapema katika karne ya ishirini, akaoa kwa Wakipsigis, akajifunza lugha yao na kuandika aliyoyaona kwa miaka mingi. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1961, kikiwa kimefupishwa na A. T. Matson. Katikati yake aliingia J. G. Peristiany, mwanaanthropolojia aliyekuja na nadharia mkononi, akakaa muda mfupi zaidi na kuchapisha kitabu chake mwaka 1939. Hatuna haja ya kuwalinganisha kwa kirefu. Inatosha kusema kuwa hakuna kati yao aliyechukua sampuli, na kwamba hata hivyo hakuna anayeandika juu ya Wakipsigis bila kuwarejelea. Taaitta Toweett, aliyewahi kuwa Waziri wa Elimu katika miaka ya 1970, alipochapisha historia simulizi ya watu wake mwaka 1979, naye aliwategemea wasimulizi, si takwimu.

Kisa chenye mafunzo zaidi ni cha Kokwet. Kati ya mwaka 1972 na 1975 Sara Harkness na Charles Super, mume na mke kutoka Marekani, waliishi katika jamii moja ya Wakipsigis yenye kaya 50 hivi, katika ardhi iliyokuwa ya walowezi na kugawiwa Waafrika baada ya uhuru. Walichunguza watoto wanavyolala, wanavyofundishwa kukaa na kutembea, wanavyosemeshwa na wanavyopewa kazi. Kutokana na kaya hizo chache waliunda dhana ya mazingira ya makuzi waliyoichapisha mwaka 1986, ambayo imetumiwa na wataalamu wa saikolojia ya watoto katika nchi nyingi ambazo hazijui hata Kericho iko wapi.

Mhakiki wa fasihi hawezi kulipita jina hilo bila kusimama. Kokwet, katika lugha ya Kipsigis, si jina la pekee la mahali tu. Ni neno la ujirani, yaani kundi la nyumba zinazokutana kuamua mambo yao. Kuliita eneo moja Kokwet ni sawa na kukiita kijiji kimoja cha pwani Mtaa. Msomaji wa ng'ambo anapokutana na jina hili anaona kijiji fulani. Mkipsigis anaposikia, anaweza kudhani kinachosemwa ni ujirani wowote. Hivyo jina lenyewe linafanya kazi ya ujumlishaji kabla hoja haijatolewa. Hatusemi kuwa watafiti walikusudia hivyo. Tunasema kuwa suala la kimoja kuwakilisha vingi, ambalo wataalamu wa mbinu hulikabili kwa hesabu, limo ndani ya lugha tangu mwanzo, na sisi wa fasihi tuna zana za kulisoma.

Turejee kwenye ushahidi. Mwaka 1977 Harkness na Super walichapisha makala yenye kichwa kinachouliza kwa nini watoto wa Kiafrika ni vigumu kupimwa. Katika jaribio moja mtoto alisimuliwa hadithi na mtu mzima, kisha akatakiwa aisimulie tena. Wengi walinyamaza, wakiwemo wale ambao umri wao ungemfanya mpimaji atarajie masimulizi kamili. Kwa kipimo cha darasani huo ni upungufu wa kumbukumbu au wa lugha. Lakini watafiti hawa walikuwa wamekaa muda wa kutosha kujua kuwa mtoto wa Kokwet hufunzwa kumsikiliza mkubwa, kutii na kutenda. Kuzungumza kwa kirefu mbele ya mkubwa, tena kwa kuombwa, si sehemu ya adabu yake. Mazungumzo yake marefu ni na watoto wenzake.

Kwa istilahi za fasihi simulizi, jaribio lile liligeuza nafasi ya fanani na hadhira. Mtoto aliyezoea kuwa hadhira ya mkubwa alitakiwa kuwa fanani mbele ya mkubwa huyo huyo, bila usiku, bila moto, bila wenzake wa kuitikia. Aliyenyamaza hakushindwa kusimulia. Alikataa kuvunja kanuni ya utendaji, kama ambavyo mtu mzima angekataa kuimba wimbo wa arusi katika mazishi.

Hapa ndipo swali la ukubwa linapopata jibu lake la kwanza. Tuchukulie kwamba jaribio hilo lingefanywa na wapimaji mia moja katika shule elfu moja. Tungepata ukimya mwingi zaidi, uliohesabiwa kwa uangalifu zaidi, wenye kosa dogo zaidi la sampuli, na tafsiri ile ile potofu. Idadi huongeza uhakika wa kipimo. Haiwezi kutueleza kama kipimo chenyewe kinapima kinachodhaniwa. Kilichofichua kosa ni kukaa miaka mitatu na kujua lugha ya adabu ya mahali hapo. Watafiti hao hao walionyesha kuwa neno ng'om, linalotafsiriwa kuwa mwerevu, hutumiwa kwa mtoto anayeliona jambo la kufanywa nyumbani akalifanya bila kukumbushwa, na kwamba wazee hutofautisha ng'om en ga, mwerevu wa nyumbani, na ng'om en sukul, mwerevu wa shuleni. Hojaji iliyotungwa kwa Kiingereza mjini Nairobi isingeuliza jambo hilo, kwa kuwa mtungaji asingejua kuwa lipo.

Hata hivyo hatupaswi kuipamba Kokwet. Familia zake zilipata mashamba ya mpango wa makazi. Haziwezi kuchukuliwa kuwa sawa na familia za Kapkatet zenye vishamba vya chai vya kurithi, wala na za wafanyakazi katika makambi ya kampuni kubwa za Kericho. Mkulima mdogo anayeuza majani kupitia KTDA hulipwa kidogo kila mwezi, kisha hupata bonasi mara moja kwa mwaka, kwa kawaida mnamo Oktoba. Ukiuliza habari za karo na mahudhurio mwezi huo utapata majibu tofauti na utakayopata mwezi Machi. Michael Bassey alipendekeza mwaka 1981 kuwa thamani ya uchunguzi wa tukio moja ipimwe kwa uwezo wa mwalimu mwingine kuuhusisha na hali yake mwenyewe. Ni hoja nzuri, lakini inamdai mwandishi jambo zito: aeleze hali yake kwa undani unaomwezesha msomaji kuukataa uhusiano huo pia.

Historia ya elimu nchini Kenya inatuonyesha upande wa pili, yaani utafiti mdogo uliokuzwa upesi. Mwaka 1957 lilianzishwa katika shule ya watoto wa Kihindi mjini Nairobi jaribio la kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwa walimu waliosimamiwa kwa karibu na vifaa vilivyotungwa mahususi. Lilifanikiwa. Likaenea katika shule za Waafrika, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikaiunga mkono lugha hiyo ya kufundishia. Kilichoenea kilikuwa Kiingereza. Usimamizi na vifaa havikuenea kwa kasi hiyo. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ilipendekeza lugha ya eneo irudishwe katika madarasa ya kwanza. Jambo kama hilo limeonekana tena karibuni. Majaribio ya walimu wa kandarasi huko magharibi mwa Kenya yalitoa matokeo mema, lakini utafiti wa Tessa Bold na wenzake uliochapishwa mwaka 2018 uligundua kuwa pale mpango ulipoendeshwa na shirika la World Vision alama zilipanda, na pale ulipoendeshwa na serikali hazikupanda. Jaribio dogo halikusema uongo katika visa hivi. Lilisema kweli kuhusu jambo lenye masharti, nao walioliazima wakayaacha masharti.

Tukizisoma tasnifu zetu kama matini, tunaona kuwa tumeuchukua umbo la utafiti mkubwa bila mwili wake. Jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970 hunukuliwa ili kuhalalisha idadi ya walimu wachache ambao mtafiti anawajua wote kwa majina. Kitabu cha Mugenda na Mugenda cha mwaka 1999 hutajwa kama msahafu. Kisha katika sehemu ya mipaka ya utafiti mwandishi huomba radhi kuwa shule zilikuwa chache. Mhakiki anayeandika juu ya Rosa Mistika haombi radhi kwa kuwa hakusoma riwaya zote za Kiswahili. Anachodaiwa ni kutaja ukurasa, ili mwingine aufungue na kumpinga.

Ukurasa wa mtafiti mdogo ni shajara yake ya uwandani, na kwa kawaida huishia katika katoni chini ya kitanda. Utafiti wa dawa za minyoo uliofanywa katika shule 75 za Busia na kuchapishwa mwaka 2004 ulipokaguliwa upya mwaka 2015, makosa ya hesabu yalionekana na mjadala mkali ukazuka. Lakini ukaguzi uliwezekana kwa sababu data ilikuwapo na ilitolewa. Kama tunataka shule nne za Bureti ziaminiwe, madaftari yake yawekwe maktabani pamoja na tasnifu, majina ya watoto yakiwa yameondolewa.

Linabaki suala la mwalimu anayetafiti shuleni kwake. Hudaiwa kuwa yeye anaaminika zaidi kwa kuwa ni mwenyeji. Lakini kwa mtoto wa darasa la tatu yeye ni mkubwa zaidi kuliko mgeni yeyote, kwa kuwa ndiye anayesahihisha madaftari, na pengine husali kanisa moja na mama yake. Ukimya wa Kokwet utamsubiri hapo. Tunapendekeza ajaribu kumwacha mtoto mwingine, aliyezidi kwa mwaka mmoja au miwili, aulize na kusikiliza hadithi kwa Kipsigis, huku kinasa sauti kikiwa juu ya dawati kwa idhini ya watoto na wazazi wao, naye mwenyewe akiwa nje ya darasa, mahali asipoonekana dirishani.