Kolwezi: mji uliokaa juu ya shaba yake

Kolwezi ni mji mkuu wa jimbo la Lualaba, tangu Katanga ya zamani ilipogawanywa mwaka 2015. Uko na komini mbili, Dilala na Manika. Kutoka Lubumbashi ni kama kilometa 300 kwa barabara. Mgeni akifika, kitu cha kwanza kinachomshangaza ni kwamba haoni mji unaishia wapi na migodi inaanzia wapi. Historia yote ya Kolwezi iko katika jambo hilo.

Kabla ya mji

Zamani sana, wenyeji wa huku, wakiwemo Wasanga, waliyeyusha mawe ya kijani na kutengeneza misalaba ya shaba. Misalaba hiyo ilitumika kama pesa na hata kwa mahari. Katika karne ya 19, biashara ya shaba ilishikwa na Msiri, aliyetoka Unyamwezi, Tanzania ya leo. Alijenga makao yake Bunkeya, ambayo sasa iko ndani ya Lualaba. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara wa mfalme Leopold II.

Mji wa kampuni

Mwaka 1937, Union Minière du Haut-Katanga ilianzisha Kolwezi kuwa makao ya migodi yake ya magharibi. Wazungu walikaa upande wao, kwenye nyumba za bustani; wafanyakazi weusi waliwekwa kambini. Nyumba, unga, shule, lopitali: vyote vilitoka kwa kampuni. Mwaka 1967 Mobutu aliitaifisha, nayo baadaye ikaitwa Gécamines. Kwa familia nyingi ilikuwa baba na mama.

Tarehe 13 Mei 1978, wapiganaji wa FLNC waliotoka Angola waliuteka mji. Siku sita baadaye, askari wa Ufaransa waliruka kwa parashuti. Mamia ya watu walikufa, Wakongo na Wazungu.

Kisha kampuni yenyewe ikaanguka. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 470,000 za shaba. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto ilibomoka, na mwaka 1994 tani hazikufika 50,000. Mishahara ilikatika, na wengi wakashika sururu. Ndiyo hao wanaoitwa wakrezeri, wachimbaji wa mikono.

Mambo ya kuona

Mashimo ya Kamoto: migodi ya wazi iliyokatwa kama ngazi kubwa, ambamo malori yanaonekana kama siafu. Kuingia ni kwa ruhusa ya kampuni.

Ziwa Nzilo: liko kaskazini mwa mji. Lilitokea mwanzoni mwa miaka ya 1950, mto Lualaba ulipozibwa ili kupata umeme wa migodi. Leo wavuvi wanaishi kando yake. Kutoka hapo mto unaendelea kaskazini hadi kuwa mto Kongo.

Reli: inapita Dilolo mpaka bandari ya Lobito, Angola. Ilifunguliwa mwaka 1931, kabla mji haujakuwepo. Vita vya Angola viliifunga kwa miaka mingi. Sasa shaba imeanza tena kupita huko.

Musompo: soko ambako wakrezeri wanauzia mawe yao.

Kasulo: mtaa ambako, mwaka 2014, kobalti ilionekana chini ya nyumba. Watu walichimba uani, hata ndani ya vyumba. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilihamishwa na kuzungushiwa ukuta.

Nyumba yako, madini ya dola

Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia, na sehemu kubwa inatoka huku. Kisheria, madini yaliyo chini ya nyumba ni mali ya dola, hata kama mwenye nyumba ana karatasi zote. Sheria ya migodi, iliyorekebishwa mwaka 2018, inataka anayehamishwa alipwe fidia. Lakini mwaka 2023 Amnesty International ilitoa ripoti juu ya wakaaji wa Kolwezi waliotolewa kwa nguvu ili migodi ipanuliwe. Hata nyumba za zamani za wafanyakazi wa Gécamines zimeguswa.

Kwa hiyo anayetaka kuiona Kolwezi ya zamani asikawie. Mashimo hayataenda popote. Ni mitaa inayohama.