Namba ya Uchawi au Namba Bainishi?

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazowatatiza wafasiri ni ile inayotaja namba iliyo mwanzoni mwa faili, ambayo huonyesha faili hilo ni la aina gani. Waliotangulia kuipa jina kwa Kiingereza waliinasibisha na uchawi. Je, nasi tufasiri vivyo hivyo? Kabla ya kujibu, yafaa tuitazame historia yake.

Katika miaka ya 1970, mfumo wa Unix, uliobuniwa katika maabara za Bell huko Marekani, uliendeshwa kwenye kompyuta ya PDP-11. Faili la programu lilianza na namba 407, kwa hesabu ya msingi wa nane. Namba hiyo haikuteuliwa kwa kubahatisha. Ilikuwa agizo halisi la kuitaka mashine iruke baiti 16 za utangulizi ndipo ianze kazi. Baadaye utaratibu wa kupakia programu ulibadilika na agizo lile likawa halitekelezwi tena; lakini namba ilibaki mahali pake, ikawa alama ya kutambulisha faili.

Toleo la nne la Unix, la mwaka 1973, lilikuwa na amri iitwayo file. Mtumiaji huiandika pamoja na jina la faili asilolifahamu, naye hujibiwa aina yake. Amri hiyo haitegemei herufi za mwisho za jina, kwani jina laweza kubadilishwa na yeyote. Husoma yaliyomo na kuyalinganisha na orodha ya alama zijulikanazo. Kwa mfano, hati ya PDF huanza na alama %PDF, na picha ya GIF huanza na herufi GIF, hata zikipewa majina mengine. Katika miaka ya 1980 Ian Darwin wa Kanada aliiandika upya amri hiyo ili itumike bila malipo.

Mtunza nyaraka aliyepokea mafaili yenye majina yaliyokosewa huokolewa na alama hizo. Tukimwambia kuwa ni uchawi, tumemfundisha kustaajabu badala ya kuelewa. Kwa hiyo twapendekeza istilahi namba bainishi, kwa kuwa yaeleza kazi yenyewe. Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa.